Uzi: Kuvua sangara kwa chambo bandia hapa Mwanza, mbinu zake na matunzo ya boti

Mvuvi wa Luchelele (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Vijana wengi wanaoanza kupenda uvuvi wa burudani, ule wa fimbo na rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi), wamekuwa wakiniuliza swali moja: wanunue chambo gani bandia ili wampate sangara mkubwa. Nimeona ni vema niandike uzi mmoja mrefu kuliko kujibu ujumbe wa mtu mmoja mmoja, na niseme mapema kwamba jibu langu si jina la chambo. Samaki wengi niliowapoteza katika Ziwa Victoria letu hili waliondoka kwa sababu ya kitu kidogo nilichokiacha bila kukikagua nikiwa nyumbani: ndoano butu, kipete (kile kipete cha chuma kinachoshikilia ndoano kwenye chambo) kilicholegea, fundo lililofungwa kwa haraka, au injini iliyozima wakati samaki ndio kwanza wameanza kula.

Nitoe mfano wa mwezi Agosti mwaka jana. Nilikuwa nakokota chambo kando ya mwamba uliozama, upande wa kaskazini mwa Luchelele, jua likiwa bado halijachomoza. Fimbo ilipinda, rili ikalia, na samaki akavuta mshipi kwa uzito wa taratibu ambao kila aliyewahi kumshika sangara mkubwa anaufahamu. Aliruka mara moja, akatikisa kichwa juu ya maji, mdomo wazi, na papo hapo mshipi ukalegea. Nilipovuta chambo ndani ya boti nilikikuta kizima, rangi haijachubuka hata kidogo, lakini ndoano ya nyuma haikuwepo. Kipete kilichoishikilia kilikuwa kimefunguka kama hereni ya mtoto. Chambo kile kilinigharimu fedha nyingi, na kipete imara cha kubadilisha kingenigharimu chini ya bei ya soda.

Kwa nini vipete na ndoano za chambo vya dukani vinatuangusha? Sababu kubwa ni kwamba sehemu kubwa ya chambo hivi vilibuniwa kwa ajili ya samaki wengine. Wamarekani wamejenga utamaduni mzima wa uvuvi wa burudani juu ya samaki wao wanayemwita besi wa mdomo mpana, samaki ambaye hata majirani zetu Wakenya wanaye katika Ziwa Naivasha, alikopandikizwa mwaka 1929. Ni samaki hodari, lakini rekodi yake ya dunia ni ya takriban kilo 10 tu. George Perry aliiweka katika jimbo la Georgia mwaka 1932, na ilikaa miaka 77 mpaka Manabu Kurita alipoifikia katika Ziwa Biwa nchini Japani mwaka 2009. Sasa linganisha na sangara: rekodi ya sangara kwa fimbo, iliyowekwa katika Ziwa Nasser nchini Misri mwaka 2000, inazidi kilo 104. Chambo ambacho mtengenezaji alikipima kwa samaki wa kilo 2 au 3 tunakitupa mbele ya samaki anayeweza kuzidi uzito wa mtu mzima, kisha tunashangaa vyuma vinaponyooka. Kwa hiyo, kila chambo ninachonunua, kabla hakijaingia majini, nakivua ndoano na vipete vyake vya kiwandani na kukivisha vingine vinene.

Hata hivyo, umbo la chambo lina maana, na hapo ningependa tujifunze kwa aliyeanzisha. Lauri Rapala, mvuvi wa Ufini, alipochonga chambo chake mwaka 1936, alikuwa amegundua kwamba samaki wakubwa humchagua yule mdogo anayeogelea kwa kuyumba, anayeonekana mgonjwa au mchovu. Alichonga, akakivisha karatasi ya kung'aa ya chokoleti, akakirekebisha mpaka kikayumba alivyotaka. Kinachomvuta samaki, basi, ni ule myumbo, na rangi huja nyuma yake. Kabla hujakiachia chambo kiende mbali, kiburute kando ya boti kwa mita 2 au 3 na ukitazame. Kikilalia upande mmoja, ipinde kidogo sana, kwa koleo, ile pete ya puani unapofunga mshipi, ukielekeza upande ulio kinyume na kule kinakokimbilia, kisha ujaribu tena. Watu wengi hukokota chambo kilichopinda asubuhi nzima halafu wakasema ziwa halina samaki.

Kuhusu kukokota, mwendo wangu ni wa mtu anayetembea kwa haraka kidogo, yaani kilomita 4 hadi 5 kwa saa, na chambo huwa mita 30 hadi 50 nyuma ya boti. Ulimi wa plastiki ulio chini ya kidomo ndio unaoamua kina: ulimi mfupi uliosimama hukiweka chambo karibu na juu, ulimi mrefu uliolala hukizamisha. Nikipita juu ya majabali nataka chambo kiguse jiwe mara mojamoja, kigonge, kiyumbe vibaya, kisha kiendelee, kwa sababu mara nyingi sangara hukivamia baada tu ya kugonga. Sisi wakazi wa jiji la miamba tumebahatika kwamba majabali tunayoyaona nchi kavu yanaendelea chini ya maji. Ukiona safu ya mawe imeshuka hadi ufukweni, ifuate kwa kipima kina, utaikuta imeendelea na safari yake.

Kina nacho hubadilika kwa majira, na hili halizungumzwi vya kutosha. Kati ya Juni na Agosti pepo za kusini-mashariki hulikoroga ziwa, maji ya juu na ya chini huchanganyika, oksijeni hufika chini, na sangara hutawanyika mpaka kwenye kina. Miezi ya joto inapofika, katika maji ya kina ya nje ya Ghuba ya Mwanza, ziwa hujigawa matabaka, na tabaka la chini huishiwa oksijeni. Sangara havumilii maji ya namna hiyo hata kidogo, kwa hiyo hupanda. Mtu anayezamisha chambo mita 40 mwezi Februari anavua mahali ambapo huenda samaki hawezi kupumua.

Rangi nitaipitia kwa haraka. Katika maji ya kijani ya ghuba yetu natumia rangi ya machungwa, njano au kijani kali. Alfajiri na machweo natumia cheusi, kwa kuwa samaki anakiona kivuli dhidi ya anga. Katika maji meupe ya mbali natumia cha fedha kinachofanana na dagaa au furu.

Karibuni mchangie.

Kijana wa Nyegezi

Shikamoo mzee. Nakushukuru kwa somo hili. Kaka yangu anayeishi Marekani amenitumia boksi la chambo vya huko, na humo kuna minyoo laini ya plastiki, vingine vina mabati yanayozunguka, na vingine vidogo vya kuelea. Je, nivitupe, au kuna namna vinaweza kutumika hapa kwetu? Swali langu la pili ni kuhusu mshipi. Dukani wananiambia mshipi wa kusukwa ni bora kuliko nailoni, lakini bei yake ni kubwa sana kwangu. Natumia fimbo ya futi 7 na rili ya kawaida.

Mvuvi wa Luchelele

Marahaba, kijana wangu. Usivitupe. Mnyoo wa plastiki una siri moja nzuri: ncha ya ndoano hufichwa ndani ya mwili wa mnyoo wenyewe, na mbele yake huwekwa chubwi, yaani kizito cha kuzamishia, yenye umbo la risasi, kwa hiyo hupita katikati ya majani bila kunasa. Wamarekani waliubuni kwa ajili ya mabwawa yenye magugu, nasi gugumaji tunalo kwa wingi. Upeleke polepole kwenye ukingo wa gugumaji lililotulia, uuache uzame, uunyanyue kidogo, uuache tena. Mara nyingi huchukuliwa wakati unazama, na dalili pekee utakayoiona ni mshipi kusogea pembeni. Sangara wadogo wa kilo 2 au 3 hukaa kwenye vivuli hivyo, na wanatosha kabisa kukufundisha mkono. Wale walio chini ya sentimita 50 warudishe majini, kwa kuwa sheria hairuhusu kuwachukua, na fuatilia ofisi ya uvuvi ya wilaya yako kuhusu leseni na maeneo ya mazalia yaliyofungwa kabla hujaanza. Usisogee na fimbo katika maji ya Hifadhi ya Saanane bila ruhusa ya hifadhi, na kama unatamani kuvua Rubondo, ambako uvuvi wa burudani unaruhusiwa kwa kibali, omba kibali cha hifadhi kwanza.

Vile vidogo vya kuelea vibadilishe ndoano, lakini zingatia uzito. Ukikivisha chambo chepesi ndoano nzito mno kitaacha kuelea na kuyumba. Mimi hutumia ndoano moja kubwa nyuma badala ya mbili za meno matatu, kisha nakijaribu ndani ya ndoo ya maji nyumbani. Ndoano moja nene ina faida nyingine: samaki akirukaruka ndani ya boti, mkono wako uko salama zaidi.

Kuhusu mshipi, uliosukwa ni mwembamba kwa nguvu ileile na haunyumbuki, kwa hiyo unahisi kila mguso. Udhaifu wake ni jiwe. Kwa sababu hiyo sifungi chambo moja kwa moja kwenye mshipi wa kusukwa. Naunganisha kwanza kipande cha nailoni nene, mita 2 hivi, chenye nguvu ya kilo 40 au zaidi. Sangara hana meno marefu kama ya mbwa, lakini ndani ya mdomo wake kuna meno madogo mengi, yamepangwa kama msasa, na pambano la dakika 20 linatosha kuusaga mshipi mwembamba mpaka ukatike. Kila baada ya samaki mmoja pitisha kipande hicho kati ya vidole viwili. Ukihisi ukwaruzo kata na ufunge upya.

Mzee wa Ukara

Mwanangu wa Luchelele, umeandika vizuri, lakini katika suala la mshipi sikubaliani nawe moja kwa moja. Nimevua tangu utoto, kwanza kwa mshipi wa mkono, na sasa wajukuu wameniletea fimbo. Mshipi wa kusukwa ukishikwa kwa mkono mtupu, samaki akikimbia, hukata kama wembe. Nimeona kiganja cha kijana kikipasuka mpaka nyama nyeupe ikaonekana. Huku kwetu mawe ni mengi kuliko mchanga, na samaki akishaingia kati ya mawe mawili, kile kipande chako cha mita 2 hakitasaidia, kwa sababu mshipi wa nyuma ndio utakaosugua jiwe. Mimi bado naitumia nailoni nene tupu, hata kama inanyumbuka. Kule kunyumbuka kunasamehe makosa ya mtu asiyejua kulegeza breki ya rili, ile inayoamua mshipi uachie kwa nguvu gani.

Mnazungumzia boti za faiba pekee, lakini wengi wetu tuna mitumbwi ya mbao, na mbao ina adabu yake. Mtumbwi ukiwekwa juani wiki 2 mbao hukauka, maungio hufunguka, na ukiurudisha majini utadhani ni chujio. Ukitaka kuupumzisha nchi kavu, uweke kivulini na uufunike kwa makuti au turubai, na siku moja kabla ya safari uuzamishe maji ya magoti ili mbao zivimbe. Kalafati, yaani kuziba maungio kwa pamba, isingoje mpaka maji yaingie. Mimi napita kila ungio kwa ncha ya kisu kila baada ya miezi 3. Mahali pamba inapotoka bila kubisha naitoa yote, nasafisha, nasindika mpya iliyolowa mafuta. Misumari ikianza kulia kutu, yaani ukiona machozi ya kahawia chini ya kichwa cha msumari, mbao iliyouzunguka imeanza kuoza.

Mvuvi wa Luchelele

Shikamoo mzee wangu. Nakubali kuhusu mikono, na ilikuwa kasoro yangu kutolitaja: anayetumia mshipi wa kusukwa asiushike kamwe bila glavu, na asiuzungushe mkononi hata kama chambo kimenasa tu kwenye jiwe, auzungushe kwenye kipande cha mti kisha avute. Kwa maji ya Ukara yenye mawe mengi nimeelewa hoja yako, na kuanzia sasa nitamshauri mtu anayeanza, hasa asiye na fedha nyingi, aanze na nailoni nene kama unavyosema. Kwa maji ya ghuba yaliyo wazi bado nitabaki na wa kusukwa.

Umegusa jambo la breki nami nataka nilikazie, kwa sababu wengi huikaza kwa kubahatisha. Funga mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, mwenzako aishike, wewe inua fimbo mpaka rili ianze kuachia, kisha usome. Lenga robo ya nguvu ya mshipi: mshipi wa kilo 30 uanze kuachia kwenye kilo 7 au 8. Ukimaliza uvuvi, legeza breki kabisa kabla ya kuihifadhi rili, la sivyo vishikizo vya ndani hubaki vimebanwa na siku nyingine breki huachia kwa kushtukashtuka.

Fundi wa Kirumba

Habari zenu wakuu. Mimi natengeneza injini za boti, na nimefurahi kuona uzi unaozungumzia vifaa kwa uzito huu. Niongeze kwa upande wangu, kwa sababu wavuvi wa burudani huniletea injini zikiwa zimeshakufa, wakati wavuvi wa kazi huzileta zikiwa bado zinakohoa.

Ugonjwa ninaoukuta zaidi ya mwingine wowote katika ziwa hili ni uzi wa wavu. Boti ikipita juu ya kipande cha wavu kilichotupwa au mshipi uliokatika, uzi huo hujizungusha kwenye mhimili wa propela, kati ya propela na kasha la gia, mahali ambapo huwezi kuuona ukiwa umekaa botini. Unajikaza, unapata joto, unayeyuka kidogo, unakuwa pete ngumu, na polepole unaikata sili ya mpira inayozuia mafuta ya gia yasitoke na maji yasiingie. Injini itaendelea kufanya kazi wiki kadhaa bila dalili yoyote. Juzi nilipokea injini ya nguvu ya farasi 40. Mwenyewe alisema gia zinagonga. Nilifungua skrubu ya chini ya gia, na badala ya mafuta meusi kikatoka kitu cheupe kizito kama maziwa mgando. Nilipotoa propela nilikuta nailoni ya kijani imejiviringa kwa unene wa kidole changu. Gia zilikuwa zimeshaota kutu na meno mawili yamemeguka.

Kwa hiyo nawaomba, kila baada ya safari 5 au 6 itoeni propela. Ni nati moja na kota pini moja, ile pini inayoizuia nati isifunguke, kazi ya dakika 10. Pangusa mhimili, angalia kama kuna uzi, paka grisi, rudisha, na kota pini uweke mpya. Baada ya hapo legeza kidogo ile skrubu ya chini ya gia, acha tone 1 au 2 litoke, lisugue kati ya vidole. Likiwa safi na linateleza, kaza uende zako. Likiwa na weupe wa maziwa, usiwashe injini tena hata kwa safari ya kwenda Kamanga na kurudi.

Jambo la pili ni maji ya kupoza. Injini ikiwashwa, kuna kijitundu pembeni kinachotoa maji kama mkojo. Mazoea yangu ni kukitazama kabla sijaondoka ufukweni, na nikishaondoka nageuka kukitazama tena kila baada ya dakika chache. Mkojo ukipungua, ama kijitundu kimezibwa na uchafu, ama njia ya kuingizia maji imefunikwa na majani, ama mpira wa pampu umechoka. Ukanda wetu wa ufukweni una matope na mchanga, na mchanga husaga mpira huo upesi, hasa kwa wale wanaoondoka kwa kasi wakiwa kwenye maji ya magoti. Mimi hushauri ubadilishwe kila mwaka, hata kama unaonekana mzima.

Mafuta ya kuchanganya kwenye injini za mipigo miwili yafuateni kama kitabu cha injini kinavyosema. Kwa injini nyingi tulizonazo ni lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, sawa na mililita 20 kwa kila lita. Wanaozidisha oili wakidhani wanailinda injini huishia na plagi zilizoziba masizi, na wanaopunguza huishia na pistoni iliyoganda. Changanya ndani ya dumu la kupimia, si kwa kukadiria kwa jicho. Petroli ya kwenye madumu nayo hubeba maji, kwa hiyo iache itulie, imimine kupitia chujio, na usimalize ile ya chini kabisa. Kama boti itakaa zaidi ya wiki 2, chomoa bomba la mafuta injini ikiwa inaunguruma na uiache izime yenyewe, ili kabureta isibaki na petroli itakayogeuka gundi.

La mwisho ni kile kipande cha madini kinachofungwa chini ya injini ili kiliwe na kutu badala ya injini yenyewe. Injini nyingi zilizotumika zinakuja kutoka maji ya chumvi zikiwa na kipande cha zinki. Katika maji baridi kama yetu zinki hujifunika utando na kuacha kufanya kazi. Kinachofaa ni cha magnesiamu, au cha aluminiamu kwa anayekwenda sehemu zote mbili. Kamwe msikipake rangi.

Mvuvi wa Luchelele

Mkuu Fundi, nakushukuru sana, na leo hiihii nimetoka kuitoa propela yangu baada ya kusoma mchango wako. Sikukuta wavu, lakini kota pini ilikuwa imeliwa nusu, nami nilikuwa nimepanga kwenda nayo mpaka Ghuba ya Speke.

Kwa wenye boti za faiba naongeza jambo moja ambalo liliniumiza. Nilipofunga vishikio vya fimbo nilitoboa matundu kwenye ubao wa tezi, ule unaobeba injini, nikakaza skrubu bila kupaka chochote. Maji yakawa yanaingia kidogokidogo, na ndani ya faiba kuna mbao. Baada ya miaka 2 niliona injini inacheza nikiongeza mwendo. Gonga ubao huo wote kwa mpini wa bisibisi na usikilize: palipo pazima hulia kwa sauti kavu na kali, palipooza hutoa sauti nzito kama ya kugonga boga. Wangu ulilia boga kuanzia kwenye skrubu ya kwanza hadi karibu na mkuku, na matengenezo yake yalinichukua mwezi mzima. Kila tundu utakalotoboa lijaze gundi ya epoksi au silikoni ya majini kabla skrubu haijaingia.

Dada wa Igombe

Kaka zangu, nimewasoma wote na nimejifunza. Mimi na mume wangu tuna boti ndogo ya futi 16. Naomba niseme mawili ambayo hayajatajwa.

La kwanza ni kichocho. Naona watu wanaosha boti zao wakiwa wamesimama kwenye maji ya magoti penye matete, saa 5 au saa 6 mchana. Konokono wanaobeba kichocho hukaa hasa kwenye maji hayo ya pembeni yenye majani, na vijidudu hutoka kwa wingi zaidi jua likiwa kali. Hupenya kwenye ngozi bila kidonda wala maumivu. Sisi tunaivuta boti nchi kavu na kuiosha kwa maji yaliyokaa ndani ya pipa kwa siku 2, kwani vijidudu hivyo huwa vimeshakufa. Tukilazimika kuingia majini tunavaa buti ndefu za mpira, na kila mwaka tunapima kwenye kituo cha afya, watoto pia.

La pili ni jaketi okozi. Familia nyingi za kanda hii bado zinaikumbuka tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikiwa inakaribia Mwanza, na tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara. Jaketi lililofungiwa sandukuni halimsaidii mtu. Kwetu halitoki mwilini tangu tunapoondoka ufukweni hadi tunaporudi, hata joto likiwa kali. Ningependa kuuliza: mnafanyaje kuhusu dhoruba za usiku na alfajiri? Mara 2 tumekutwa na upepo wa ghafla kabla hata hatujatupa chambo.

Mzee wa Ukara

Mwanangu, umesema la maana. Kwa kawaida usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mchana hurudi kutoka ziwani. Mawingu hujikusanya juu ya ziwa usiku, ndiyo maana dhoruba nyingi hupiga kati ya usiku wa manane na asubuhi. Nikiona umeme unamulika upande wa ziwani saa 10 usiku narudi kulala, hata kama nyota zinang'aa juu ya nyumba yangu. Nikiwa majini na upepo uliokuwa ukivuma ukakatika ghafla, kisha baridi ikaja ikifuatwa na mstari mweusi juu ya maji, nageuza omo, yaani mbele ya mtumbwi, kuelekea kisiwa kilicho karibu, si kuelekea nyumbani. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa nao usikilizwe jioni kabla ya kulala. Petroli igaweni mafungu 3: la kwendea, la kurudia, na la tatu lisiguswe.

Kijana wa Nyegezi

Wazee wangu, asanteni. Swali la mwisho. Jana nilimpata sangara wa sentimita 44 kwenye kina cha mita 25 nikitumia chambo cha chuma. Nilimrudisha kama sheria inavyotaka, lakini alielea tumbo juu, na kitu kama puto kilikuwa kimetokeza mdomoni. Mwewe walimchukua. Nilikosea wapi?

Mvuvi wa Luchelele

Hukukosea kumrudisha, kijana wangu. Tatizo lilianzia kwenye kina. Bondo la sangara, yaani kifuko chake cha hewa cha kumsaidia kuelea, limefungwa, halina njia ya kutolea hewa haraka. Ukimpandisha kwa kasi kutoka mita 25, hewa iliyo ndani hutanuka, bondo hufura, na kile ulichokiona mdomoni ni tumbo lililosukumwa nje. Usikitoboe. Anachohitaji ni kurudishwa chini, ambako shinikizo la maji litaibana hewa ile. Chukua chubwi ya kilo 1 au 2, funga juu yake ndoano kubwa uliyoisaga kinundu chake cha karibu na ncha ili ichomoke kwa urahisi, na ifungwe kinyumenyume, yaani kamba ya kuvutia ifungwe kwenye pindo la ndoano na chubwi ining'inie kwenye tundu lake. Mpitishe kwenye ngozi nyembamba ya mdomo wa chini, mshushe mpaka kina ulichomtoa, kisha uvute kamba kwa mkupuo mmoja. Ndoano itachomoka naye atabaki chini. Lifanye haraka, mikono ikiwa imelowa, wala usimshike kwenye matamvua, ambayo kwanza yatakukata vidole.

Ukiona eneo lina samaki wadogo watupu na ni la kina kirefu, ondoka hapo uhamie maji ya mita 5 hadi 8 kando ya mawe, ambako hata akirudishwa ataogelea mwenyewe.

Jumamosi, kama ziwa litakuwa tulivu, nitaingia saa 11 alfajiri kutokea Luchelele na nina nafasi ya mtu mmoja. Njoo na jaketi lako, na lile boksi la kaka yako pamoja na tupa ndogo. Tutaanza na ndoano zote tukiwa bado ufukweni: ncha ikiteleza juu ya ukucha wa gumba tunainoa, ikikwama inaingia majini.